Nyigu na Nyuki wa Pontedera

Unguja hakuna skuta, kuna vespa. Iwe imetoka India, China au Japani, iwe imeandikwa jina gani ubavuni, mradi ina magurudumu madogo na nafasi ya kuweka miguu kwa mbele, mtu wa Mjini ataiita vespa na hakuna atakayembishia. Jina la biashara limekuwa nomino ya kawaida, halidai hata herufi kubwa. Bara nako neno bajaji limefanya vivyo hivyo: bajaji ni bajaji hata kama mwenye nayo amenunua ya kampuni nyingine kabisa. Kinachonifurahisha ni kwamba maneno haya mawili yametoka katika ukoo mmoja. Babu wa ukoo huo ni kiwanda cha ndege za kivita kilichobomolewa kwa mabomu katika mji mdogo wa Pontedera, karibu na Pisa nchini Italia, na aliyeuzaa ni mhandisi wa helikopta ambaye pikipiki hakuzipenda hata kidogo.

Mwaka 1884 kijana wa miaka 20, Rinaldo Piaggio, alifungua karakana ya useremala wa meli huko Sestri Ponente, pembezoni mwa Genova. Kutoka kwenye meli akahamia kwenye mabehewa ya treni, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja akaingia kwenye ndege. Katika miaka ya 1920 akachukua kiwanda Pontedera kwa ajili ya injini za ndege. Alipofariki 1938 kampuni ikabaki mikononi mwa wanawe Armando na Enrico, na huyu Enrico ndiye aliyepata upande wa Toscana. Katika Vita vya Pili Piaggio waliunda P.108, ndege nzito ya mabomu yenye injini nne. Ndani ya ndege ya aina hiyo ndimo alimofia Bruno, mtoto wa Benito Mussolini, ilipoanguka Pisa tarehe 7 Agosti 1941. Kiwanda cha namna hiyo lazima adui akitafute. Ndege za Washirika zilikipiga, na Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma wakamalizia kilichosalia.

Vita vilipokwisha Enrico Piaggio alikuwa na majengo yasiyo na mapaa, wafanyakazi wenye njaa, na ujuzi usio na mnunuzi. Nani angeiagizia Italia iliyoshindwa ndege za mabomu? Mahitaji ya mitaani yalikuwa mengine. Reli zilikuwa zimekatika, madaraja yameanguka, barabara zina mashimo ya mabomu, petroli ni ya kuokoteza na gari ni la tajiri. Mtu alichotaka ni kufika kazini na kurudi.

Jaribio la kwanza lilifanyika Biella, kaskazini, ambako baadhi ya mashine za kiwanda zilikuwa zimekimbizwa wakati wa vita. Mhandisi Renzo Spolti alichora chombo kidogo kilichopewa namba MP5. Wafanyakazi walikibandika jina la Paperino, ambalo ndilo jina la Kiitalia la yule bata wa katuni, Donald Duck, na ukikitazama kwenye picha huwezi kuwalaumu: mdomo umechomoza, kiuno kimejaa. Ziliundwa kama 100 hivi. Lakini katikati, kati ya miguu ya mwendeshaji, palipita mgongo wa bati, kwa hiyo mtu alilazimika kurusha mguu kama anayepanda farasi. Enrico hakuridhika. Akamwita mtu mwingine.

Mtu huyo alikuwa Corradino D'Ascanio, mzaliwa wa Popoli katika milima ya Abruzzo. Mwaka 1930 helikopta yake, iliyoitwa D'AT3, ilipanda hewani katika uwanja wa Ciampino, Roma, ikaweka rekodi tatu za dunia: ilikaa juu dakika 8 na sekunde 45, ikaenda umbali wa mita 1,078, ikafika kimo cha mita 18. Leo mita 18 ni kimo cha mnazi. Wakati ule dunia ilishangaa. Mapenzi yake yote yalikuwa angani. Pikipiki aliziona ni vyombo vichafu na vya usumbufu: cheni inarusha oili kwenye suruali, injini ya moto imekaa wazi kati ya magoti, na tairi likipata pancha barabarani kulitoa ni kazi ya nusu siku.

Mtu asiyeipenda kazi ya wenzake ana faida moja: hana cha kuheshimu. D'Ascanio hakuanza na pikipiki ili airekebishe. Alianza na mtu aliyekaa. Alimchora mtu ameketi kitini kwa raha, mgongo umenyooka, miguu pamoja mbele yake, kisha akaunda chombo kumzunguka. Cheni akaiondoa kabisa. Injini akaibandika ubavuni mwa gurudumu la nyuma, gia zikashika gurudumu moja kwa moja. Kabati la bati likaifunika injini ili nguo isiguse kitu. Fremu ya mabomba akaitupa: bati la chuma lililokunjwa kwa mashine ndilo likawa mwili na ndilo likawa mifupa, kama ilivyo kwenye mwili wa ndege. Gia akazileta mkononi, kwenye mshikio wa kushoto, mguu usihangaike kuzitafuta. Na gurudumu la mbele akalishika kwa mkono mmoja tu upande mmoja, kama miguu ya kutulia ya ndege inavyoshikwa.

Hili la gurudumu linastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndipo ilipo akili yote ya mtu yule. Pikipiki ya kawaida inashika gurudumu la mbele kwa mikono miwili, kushoto na kulia, na ekseli imepita katikati. Ili ulitoe sharti ufungue ekseli, ulegeze waya wa breki, uikweze pikipiki. Vespa upande mmoja uko wazi. Unafungua nati, unalivuta gurudumu kuelekea kwako kama unavyofanya kwenye gari, unaweka jingine, unafunga nati, unanawa mikono. Na kwa kuwa la mbele na la nyuma ni sawasawa, spea moja inatosha kote. Simama dakika 10 kando ya fundi yeyote wa vespa pale Darajani utayaona haya yakifanyika huku fundi anaongea habari za mpira, hata haangalii mikono yake.

Mfano wa kwanza, MP6, ulikuwa tayari kabla 1945 haijaisha. Inasimuliwa kwamba Enrico alipouona, nyuma mpana, katikati mwembamba, na kuusikia mlio wa injini yake, alisema unafanana na nyigu. Kwa Kiitalia nyigu ni vespa. Tarehe 23 Aprili 1946 hataza ikaombwa Firenze, kwa jina refu la kisheria ambalo halimo kinywani mwa mtu yeyote leo.

Vespa ya kwanza ilikuwa na injini ya cc 98, ya mipigo miwili, ile inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili na kuacha nyuma yake moshi wa buluu. Nguvu yake ilikuwa ya farasi 3 na ushei, gia tatu, mwendo wa juu kilomita 60 kwa saa, magurudumu ya inchi 8. Bei ya ile ya kawaida ilikuwa lira 55,000, na ya fahari zaidi lira 61,000. Springi ya nyuma haikuwepo. Mashimo ya barabara yaliripoti moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Taa ilikaa chini kabisa, juu ya madigadi ya mbele, na wakusanyaji wa leo wanalipa fedha nyingi kwa ajili ya taa hiyo ya chini.

Wenye viwanda vya pikipiki walicheka. Piaggio walitafuta mtandao wa kuwauzia, wakagonga mlango wa Moto Guzzi, jina kubwa kuliko yote nchini, wakakataliwa. Hatimaye vespa zikaanza kuuzwa kwenye maduka ya magari ya Lancia. Hata hivyo 50 za kwanza ziliondoka kwa taabu. Kilichofungua mlango ni malipo ya awamu. Mwaka 1946 waliunda vespa 2,484. Mwaka uliofuata 10,535. Nao mwaka huo huo wa 1947 kampuni ya Innocenti ya Milano ikaleta Lambretta, na Italia ikagawanyika pande mbili kama Simba na Yanga, kila mtu na wake.

Kuna jambo ambalo vitabu vya injini hulipita haraka, nami naona ndilo lililoiuza vespa kuliko nguvu za farasi. Kwa kuwa katikati palikuwa wazi, mwanamke aliyevaa sketi aliweza kuiendesha bila kujifunua, na padri na joho lake vilevile. Kinga ya mbele iliyakinga magoti na matope. Mfanyakazi alifika ofisini na suruali aliyotoka nayo nyumbani. Mzee wa Unguja anayekwenda msikitini Ijumaa juu ya vespa, kanzu nyeupe haina doa, anafaidi hesabu iliyofanywa Pontedera mwaka 1945.

Mwaka 1948 injini ilikua ikawa cc 125 na springi ya nyuma ikapatikana. Kuanzia hapo historia ya vespa kwa miaka mingi ni historia ya marekebisho madogo: shokapu bora zaidi, waya za gia zimepangwa upya, taa imepanda. Ile ya bei nafuu ya 1953, iliyokusudiwa watu wa kipato kidogo, ndiyo ya kwanza kuwa na taa juu ya usukani, na haikununulika sana wakati wake. Leo ni adimu. Mwaka huo huo wa 1953 filamu ya Marekani ya *Roman Holiday* iliwaonyesha Gregory Peck na Audrey Hepburn wakizurura Roma juu ya vespa, na hakuna tangazo ambalo Piaggio wangeweza kulilipia likafanya kazi ile.

Mwenda mbio naye hakusahauliwa. Tarehe 9 Februari 1951, kwenye barabara kuu ya Roma kwenda Ostia, Dino Mazzoncini alijifungia ndani ya vespa ya cc 125 iliyovishwa bati lenye umbo la topido akapita kilomita moja kwa mwendo wa kilomita 171.1 kwa saa. Magurudumu yalikuwa yale yale madogo. Mimi nisingekubali kupanda.

Ukiniuliza ipi iliyo nzuri kuliko zote, nitakujibu ile ya 1955, Vespa 150 GS. Hapo ndipo nyigu alipobalehe. Nguvu za farasi 8, gia nne, magurudumu yamepanda hadi inchi 10, kiti kirefu cha watu wawili badala ya tandiko la mtu mmoja, na mwendo uliogusa kilomita 100 kwa saa. Mabega yake ya nyuma yamejaa bila kunenepa, mstari unateremka kutoka kwenye usukani hadi kwenye taa ya nyuma bila kukatika mahali. Walioitengeneza baadaye waliongeza nguvu, hawakuongeza uzuri. Mwaka uliofuata, 1956, vespa ya milioni moja ikatoka kiwandani.

Wakati huo ilikuwa imeshavuka mipaka. Iliundwa kwa leseni Ujerumani, Uingereza, Ufaransa na Hispania. Wafaransa walikwenda mbali kuliko wote: kiwanda chao cha ACMA kiliwaundia askari wa miavuli vespa iliyobeba mzinga wa milimita 75, mtutu umepitishwa chini ya kiti cha dereva na kuchomoza mbele. Zilikusudiwa kudondoshwa kwa parashuti mbili mbili, moja na mzinga, ya pili na risasi zake, na zilipelekwa kwenye vita vya Algeria. Chombo kilichozaliwa kwa sababu mabomu yalikuwa yameisha kikarudishwa vitani.

Kisha ikaja zamu ya gari. Julai 1957 Fiat walitoa 500 mpya, gari dogo ambalo mfanyakazi wa Italia aliweza kulitamani bila kuonekana mwendawazimu. Familia zilizokuwa zikibebana baba, mama na watoto wawili juu ya vespa moja zikaanza kuhamia ndani, kwenye paa na vioo. Piaggio nao walijaribu kujibu kwa gari: Vespa 400, yenye injini ya mipigo miwili nyuma, iliyoundwa Ufaransa mwaka huo huo. Kwa miaka michache iliuzwa, kisha ikazimika. Hili ni kosa la kwanza kubwa la Pontedera, na ukilichunguza utaona kwamba walisahau walichojua. Hawakuwa wameuza bati na injini. Walikuwa wameuza kufika kwa bei ndogo, na kwa gari wapo waliojua zaidi.

Jibu sahihi lilikuja 1963 na lilikuwa dogo. Sheria ya Italia ilitaka vyombo vya zaidi ya cc 50 viwe na namba ya usajili. D'Ascanio akachora Vespa 50, nyepesi, nyembamba, isiyohitaji namba, ambayo kijana wa miaka 14 aliruhusiwa kuiendesha. Ndiyo ya mwisho aliyoichora. Baba alikuwa amekwisha kununua Fiat. Sasa Piaggio wakamuuzia mtoto. Kizazi kizima cha Waitalia kilipata uhuru wake wa kwanza juu ya kitu hicho, wakienda mwendo wa baiskeli yenye hasira. Enrico Piaggio alifariki Oktoba 1965, na uongozi ukapita kwa Umberto Agnelli, wa ukoo ule ule wa Fiat, aliyekuwa amemwoa binti wa kulea wa Enrico.

Kutoka kwenye mwili ule mdogo ikazaliwa Primavera ya cc 125 mwishoni mwa miaka ya 1960, mpenzi wa wanafunzi. Ni wakati ule pia ambapo matangazo ya Piaggio yaligeuza jina vespa kuwa kitenzi, kana kwamba sisi tungesema "kuvespa". Mwaka 1972 ikaja Rally 200, kubwa kuliko zote zilizotangulia, ikiwa na moto wa plagi unaoendeshwa kwa elektroniki. Halafu, mwaka 1977, ikaja PX.

PX haina urembo wa GS. Pembe zake zimekwenda mraba kufuata mtindo wa miaka ile, usukani una plastiki, nyuma ya kinga ya miguu pana kisanduku cha kutia vitu. Lakini ndiyo vespa iliyopendwa na mafundi, na mafundi ndio wanaoamua chombo kiishi miaka mingapi. Kila kitu kinafikika. Kabureta liko chini ya kabati, unalivua kabati kwa mkono. Injini nzima inashuka ukifungua bolti kuu na ya shokapu, ukichomoa na waya zake. Ziliuzwa zaidi ya milioni 3. Mwaka 1988 wenye kiwanda waliamua kuistaafisha, wakaleta mrithi wa kisasa mwenye breki za majimaji zilizounganishwa mbele na nyuma. Wakamwita Cosa, yaani "kitu". Wanunuzi walikitazama kitu kile, wakarudi dukani kuulizia PX. Piaggio walilazimika kuendelea kuiunda ile ya zamani, wakasimama, wakaanza tena, mpaka kanuni za Ulaya za moshi zilipoifunga njia katika miaka ya 2010.

D'Ascanio hakuyaona hayo, alifariki 1981. Helikopta alizochora Pontedera baada ya vita hazikuingia sokoni, na kampuni ikaachana na mradi huo. Kuna uchungu fulani katika maisha ya mtu aliyetaka kuruka akakumbukwa kwa kitu kisichonyanyuka ardhini.

Miaka ya baadaye naweza kuipita upesi. Mwaka 1996, kiwanda kikitimiza miaka 50 ya vespa, ilitoka ET4, ya kwanza yenye injini ya mipigo minne, isiyo na gia za mkono. Moshi wa buluu ukaanza kuaga. Giovanni Alberto Agnelli, mtoto wa Umberto, aliyekuwa akiifufua kampuni, alifariki Desemba 1997 akiwa na miaka 33. Kampuni ikauzwa kwa wawekezaji, ikadhoofika, hadi 2003 ilipochukuliwa na Roberto Colaninno. Mwaka huo ikatoka Granturismo, yenye magurudumu ya inchi 12 na injini inayopozwa kwa maji, na kutoka kwake GTS ambazo leo ndizo zinazoonekana Ulaya. Mwishoni mwa 2004 Piaggio waliwanunua Aprilia, na ndani ya mfuko wa Aprilia walikuwemo Moto Guzzi, wale wale waliowafungia mlango mwaka 1946. Mwaka 2018 vespa ya umeme ilianza kuundwa Pontedera. Na 2021 ikatoka ya milioni 19.

Lakini katikati ya hayo kuna 946, iliyoingia sokoni 2013, ikapewa jina kwa kumbukumbu ya Aprili 1946. Ni nzuri, kiti kimeelea hewani, kila mshono umeshonwa. Bei yake ilitosha kununua gari dogo. Chombo kilichobuniwa kwa ajili ya mtu aliyekosa nauli kikawa pambo la mtu aliyekosa pa kuweka fedha. Sina ugomvi na uzuri, ila ukoo ukifika hapo inabidi uulize yule mtoto mwingine yuko wapi, aliyebaki na kazi ya baba.

Yuko. Turudi 1948, maana nyigu alikuwa na ndugu yake.

Mwaka huo D'Ascanio alichukua vespa ya cc 125, akaukata mkia wake, akaweka nyuma magurudumu mawili na sanduku la mizigo. Mbele kila kitu kilibaki vilevile: usukani, kinga ya miguu, tandiko la dereva, taa juu ya madigadi. Iliitwa Ape, na kwa Kiitalia ape ni nyuki, mdudu wa kazi. Ilibeba kilo 200. Muuza mboga aliyekuwa akisukuma mkokoteni, mwokaji mikate, muuza samaki, fundi bomba, wote walikuwa wameomba kitu kama hicho. Mwaka 1953 injini ikawa cc 150. Mwaka 1956 dereva akapata kibanda cha kumkinga na mvua. Mwaka 1961 ilitoka Pentarò, yenye magurudumu matano na uwezo wa kilo 700, kitu cha ajabu ambacho hakikudumu. Mwaka 1968 injini ilihamishiwa nyuma kutoka miguuni mwa dereva, na dereva akaacha kukaanga nyama za mapaja yake. Mapema kabisa kulikuwa pia na aina ya abiria, iliyoitwa Calessino, yenye kiti nyuma na paa la turubai. Visiwa vya utalii vya Ghuba ya Napoli viliifanya teksi.

Turubai, kiti cha nyuma, magurudumu matatu, usukani wa vespa. Msomaji ameshaiona.

Njia iliyoileta kwetu ilipitia India. Kampuni ya biashara ya familia ya Bajaj ilianza kuingiza bidhaa za Piaggio nchini humo mwaka 1948, na kufikia mwaka 1960 ilikuwa na leseni ya kuziunda yenyewe karibu na Pune, vespa na ya magurudumu matatu pia. Leseni ilipokwisha 1971 haikuongezwa, kwa kuwa siasa ya India wakati ule ilikuwa ya kujitegemea. Bajaj hawakuacha kuunda. Walibadilisha jina. Vespa ikaitwa Chetak, jina la farasi wa kivita wa mfalme Rana Pratap, na Wahindi wakapanga foleni ya miaka kuisubiri. Ile ya magurudumu matatu ikaendelea kubeba abiria wa miji ya India, na katika miaka ya 2000 ikamiminika Dar es Salaam, ikavaa jina la waliotuuzia: bajaji.

Kenya walifuata njia fupi zaidi. Kule wanaiita tuktuk, na nyingi za Mombasa zimeandikwa Piaggio mbele, kwa sababu ni Ape halisi. Waitalia wenyewe walikwisha kurudi India, wakajenga kiwanda Baramati mwishoni mwa miaka ya 1990, wakawa washindani wa mwanafunzi wao.

Ukipanda bajaji, kaa nyuma ya dereva umtazame mkono wa kushoto. Anabana klachi kwa vidole, anausokota mshikio, gia inaingia, anaachia. Miguu haimo. Mguu wa kulia una kazi moja tu, breki. Ndivyo alivyopanga D'Ascanio. Ukishuka, inama uangalie gurudumu la mbele: limeshikwa upande mmoja, la kando liko wazi, nati zinafikika. Soma namba ya tairi. Bajaji nyingi zina rimu ya inchi 8, kipimo kile kile cha vespa ya kwanza ya 1946. Ulaya walikwenda inchi 10, wakaenda 12. Sisi tumebaki na 8, na zinapita Mbagala wakati wa masika.

Mimi hukumu yangu iko wazi: mrithi wa kweli wa yule mhandisi wa Popoli si 946 ya Milano, ni bajaji ya Buguruni iliyobeba wanafunzi wanne, gunia la mkaa na kuku. Kwani alitakiwa kuunda nini? Chombo cha kumfikisha mtu asiye na gari, kwa petroli kidogo, kwenye barabara mbovu, kinachotengenezeka chini ya mwembe.

Mwishoni mwa 2024, baada ya miaka 76, Piaggio walisimamisha uundaji wa Ape huko Pontedera, kwa kuwa kanuni za Ulaya za usalama na moshi zilikuwa zimekuwa nzito kwake. Baramati bado inaunda.